Mashini bila soko: kazi ya mkimbizi na sheria za biashara

Mazungumzo ya mtunza sanduku wetu mbele ya mkutano mkuu, Katoyi, Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni 2024. Tumeyaandika namna alivyoyasema.



Komite iliniomba niseme juu ya kazi ya mkimbizi. Mimi si mwalimu. Nilikuwa mkimbizi, nilirudi, na sasa natunza sanduku la chama chetu. Nitasema neno moja tu, kisha nitawaomba mkate shauri, maana pesa ya kununua mashini mpya za kushona iko ndani ya sanduku na haijatumika bado. Kuna wanaosema tununue leo. Mimi nasema tungoje kidogo, na nitaeleza sababu.

Wengi wenu mnajua safari yangu, kwa sababu ni safari yenu pia. Mwaka wa 2012 tulikimbia vita ya Rutshuru, tukavuka Bunagana, tukapelekwa Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge, kule Uganda. Kambi ile ilifunguliwa tena mwaka ule kwa ajili yetu sisi Wakongomani. Tulipewa kipande cha shamba na karatasi. Sheria ya wakimbizi ya Uganda, ile ya 2006, inampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na ya kutembea ndani ya nchi. Si kila nchi inafanya vile. Wenzetu waliokuwa Nyarugusu, Tanzania, wanatuambia kwamba wao, kwa sheria ya 1998, hawakuweza kutoka kambini bila kibali. Kwenda kutafuta kibarua inje ya kambi ilikuwa kosa.

Kwa hiyo sisi wa Uganda tulikuwa na bahati, sikatai. Nililima mahindi, na mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri. Lakini siku ya kuuza nilipata somo. Mnunuzi alikuja na kamioneti yake, na mizani yake, na bei yake. Ukikataa, anaenda kwa jirani, na wewe unabaki na magunia yanayoliwa na wadudu. Nilikuwa na ruhusa ya kufanya kazi, nilikuwa na shamba, nilikuwa na nguvu. Kitu sikuwa nacho ni njia ya kufika sokoni. Yule wa kamioneti ndiye aliyejua mahindi yangu yanaenda wapi na yanauzwa ngapi.

Mimi nilirudi Goma, mdogo wangu akabaki kule. Mwezi wa tatu 2021 akanipigia simu: «Yaya, wiki hii wanunuzi hawaji.» Nikamuuliza, kuna nini, ni vita? Hapana. Tarehe 5 ya mwezi ule, Kenya ilikuwa imesimamisha mahindi ya Uganda na ya Tanzania, kwa sababu walikuta ndani sumu ya kuvu, ile wanaita aflatoksini. Siku chache nyuma wakafungua tena, lakini kwa masharti: anayeingiza mahindi awe ameandikishwa, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haipiti kiasi. Kenya ina haki ya kulinda watu wake, sumu ile inaua. Lakini angalieni ni nani anaweza kupata cheti. Mfanyabiashara mkubwa wa Kampala anapata. Mkimbizi mwenye magunia matatu hapati. Atamuuzia yule mwenye cheti, kwa bei ya mwenye cheti.

Ni pale nilianza kuelewa. Tulizoea kusema kazi ya mkimbizi inatoka kwa HCR, ao kwa serikali iliyompokea, ao kwa Mungu. Kumbe nusu yake inatoka mpakani, katika duane, katika ofisi ambamo neno «mkimbizi» halijawahi kuandikwa.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mpaka Yordani, kwa sababu kule walijaribu jambo hili kwa kusudi, na tunaweza kujifunza kwao bila kulipa.

Vita ya Syria ilisukuma watu mamia ya maelfu kuingia Yordani. Mwezi wa pili 2016, katika mkutano wa London, wakubwa walipatana hivi: badala ya kuleta msaada tu, Umoja wa Ulaya utafungua soko lake zaidi kwa vitu vinavyotengenezwa Yordani, na Yordani itawapa Wasyria ruhusa ya kufanya kazi. Walitaja hesabu ya ruhusa 200,000.

Mwezi wa saba mwaka ule kanuni ikatoka. Mbele yake, ili nguo ya Yordani iingie Ulaya bila kulipa duane, hata kitambaa kilipaswa kufumwa kule kule, ao kitoke katika nchi zilizopatana. Kanuni mpya ikasema: kitambaa kinaweza kutoka popote, inatosha kishonwe Yordani. Lakini kiwanda kiwe ndani ya moja ya maeneo 18 yaliyochaguliwa, na kati ya wafanyakazi wake Wasyria wawe asilimia 15 kwa miaka miwili ya kwanza, kisha asilimia 25. Mpango ulikuwa wa miaka kumi.

Mkisikia vile, mnasema, kazi imepatikana! Hata mimi nilisema vile. Lakini miaka ya kwanza viwanda vilivyouza Ulaya kwa njia ile vilikuwa vichache sana, vya kuhesabu kwa vidole. Sababu ni hizi, na mtaona mnazijua.

Ya kwanza, maeneo yale yalikuwa mbali na mahali Wasyria walikaa. Mama mwenye watoto hawezi kupanda basi mbele ya jua na kurudi usiku, kwa mshahara ambao nauli inakula. Ya pili, viwanda vya nguo vilikuwa tayari na wafanyakazi waliotoka Bangladesh, Sri Lanka, na India, wanaolala hapo hapo karibu na mashini, na vilizoea kuuza Marekani. Kuuza Ulaya kunataka wateja wapya, vipimo vipya, rangi nyingine. Sheria ilifungua mlango, lakini upande wa pili hakukuwa na mnunuzi anayengoja. Ya tatu, ruhusa ya kazi ilimfunga mtu kwa patron mmoja. Na wengi waliogopa kwamba wakijiandikisha watapoteza msaada.

Hawakuacha, walirekebisha. Kufikia mwaka wa 2017 Yordani ilikuwa imekubali mtu wa ujenzi apate ruhusa yake kupitia sendika, na mtu wa shamba apate kupitia kooperative, ili asifungwe kwa patron mmoja. Mwisho wa 2018 Ulaya ilirefusha mpango mpaka 2030, ikasema pia kwamba Yordani ikifikisha kazi 60,000 za halali kwa Wasyria, viwanda vya nchi nzima vitaweza kuingia. Ruhusa za kazi ziliongezeka, lakini nyingi zilikuwa za mashamba na za ujenzi, si za viwanda vya kuuza Ulaya. Yaani kilichosaidia zaidi ni karatasi ile isiyomfunga mtu.

Ethiopia nayo ilijaribu. Ilipatana na Benki ya Dunia na wengine kutengeneza kazi 100,000 katika maeneo ya viwanda, na 30,000 kati yake ziwe za wakimbizi. Mwaka wa 2019 ilitoa sheria mpya inayompa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Lakini viwanda vingi vya nguo vya Ethiopia viliuza Marekani kupitia AGOA, ule mpango wa kuingiza vitu vya Afrika bila duane. Vita ya Tigray ikaja, na tarehe 1 Januari 2022 Marekani ikaitoa Ethiopia katika AGOA. Wasichana waliokuwa wakishona hawakupigana vita yoyote. Kazi ilianza kuwaponyoka kwa sababu ya mambo ya wakubwa.

Sasa turudi nyumbani. Mtasema, hayo ni ya Yordani, sisi Katoyi tunahusika wapi?

Sikilizeni hili. Ile kanuni Wayordani walipewa 2016, ya kushona kitambaa kilichotoka popote, Kongo iko nayo tayari. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unakubali vitu vyote vya nchi masikini zaidi viingie bila duane, isipokuwa silaha, na Kongo iko katika orodha ile. Kwa sheria, mama wa Katoyi akishona shati kwa kitambaa cha China, shati ile inaweza kuingia Bruxelles kama shati ya Kongo, bila kulipa hata senti ya duane. Mlango wa shati ile umefunguliwa miaka zaidi ya kumi. Ni nani kati yetu ameupita? Hakuna. Maana kati ya Katoyi na Bruxelles kuna ndege, kuna cheti, kuna mnunuzi anayetaka mashati mia tano yanayofanana. Kupunguza duane peke yake hakumpi mtu kazi.

Mlango wetu sisi uko karibu zaidi. Ni Petite Barrière.

Mbele ya Korona, watu makumi ya maelfu walivuka pale kila siku, na wengi walikuwa wamama wenye mzigo kichwani. Mwezi wa tatu 2020 ikafungwa. Ilipofunguliwa, karatasi iliyotosha zamani haikutosha tena. Mwezi wa sita 2022, sababu ya usalama, upande wetu wakaanza kufunga saa tisa ya mchana. Anayeuza sombe ao nyanya anajua maana ya saa tisa. Mteja wa Gisenyi anatoka kazini jioni.

Kuna kanuni inayotusaidia, na wengi wetu hatuijui. COMESA iko na utaratibu kwa wafanyabiashara wadogo, hapa tunauita RECOS. Ukivusha vitu vilivyo katika orodha ya pamoja, na bei yake haipiti kiasi kilichowekwa, hulipi ushuru wa duane, na karatasi unaijazia pale pale mpakani, bila kwenda Kinshasa wala Kigali. Kodi nyingine ndogo zinaweza kubaki, msidanganyike kwamba kila kitu ni bure. Lakini ushuru ule mkubwa unatoka. Tena kuna dekreti namba 036 ya mwaka wa 2002. Inasema huduma zinazoruhusiwa kufanya kazi mpakani ni nne: duane, OCC, DGM na hijini. Nne tu. Mimi nimelipa watu zaidi ya wanne kwa kikapu kimoja cha maharagi, na sikuuliza kwa sababu sikujua. Mtu asiyejua sheria analipa na kusema asanti.

Na mpaka huu umetuonyesha pia namna hesabu moja ya ushuru inaweza kugeuza kazi za watu. Mwaka wa 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za chagua, yaani mitumba, toka senti 20 mpaka dola 2.50 kwa kilo. Ilitaka washonaji wake wapate soko. Marekani haikupendezwa, na mwaka wa 2018 ikasimamisha nguo za Rwanda kuingia kwake bila duane. Na hapa Goma tuliona nini? Chagua ikawa kitu cha magendo. Wamama walivuka wamevaa nguo tano moja juu ya nyingine, jua kali, na wengine walipoteza mtaji wote kwa siku moja. Wote walikuwa wakitafuta kazi: mshonaji wa Kigali, mama wa Birere, hata yule anayefunga mabalo ya mitumba kule ng'ambo. Sheria moja ilimpa mmoja na kumnyima mwingine.

Ndiyo maana nataka tufikiri mbele ya kununua.

Tuseme kweli juu ya mashini tulizo nazo. Tulifundisha wanamemba, walijifunza vizuri, tukapiga picha, wafadhili wakafurahi, na sisi tulifurahi. Leo mkienda kuangalia, nyingine zimefunikwa na kikwembe, mtu amerudi kubeba mizigo ao kuuza mkate. Si uvivu. Shati ya chagua kule Birere inauzwa bei ndogo kuliko kitambaa peke yake. Mshonaji wetu akishona shati kwa kushindana na chagua, amekwisha kupoteza mbele ya kukata kitambaa. Tukinunua mashini nyingine kwa pesa hii, tutaongeza vikwembe vya kufunikia.

Shauri la komite ni hili, kwa mambo matatu.

Kwanza, tutafute mnunuzi ambaye chagua haiwezi kumpata. Unifomu ya masomo, bluu na nyeupe, haitoki sana katika balo la mitumba. Na mnunuzi huyu haombi tuvuke mpaka. Kwa hiyo hata wakifunga barrière kesho, kazi inabaki. Kutoka leo mpaka masomo kufunguka mwezi wa tisa kuna muda wa kuongea na waongozi wa masomo ya hapa Katoyi na jirani. Sehemu ya pesa inunue kitambaa cha bei ya jumla, kwa mashini tulizo nazo.

Pili, kwa wale wanaovuka, sehemu ya pesa iwe mkopo wa karatasi. Mama akikopa pesa ya karatasi ya CEPGL, atarudisha kidogo kidogo, kama tunavyofanya katika likelemba. Na wasivuke mmoja mmoja. Wakiungana watano ao sita, wakijaza fomu ya RECOS pamoja, wakijua zile huduma nne, ni vigumu kuwasumbua.

Tatu, mtu mmoja kati yetu awe anaandika. Kila wiki: nini kimevuka, tumelipa nini, kwa nani, kwa risiti ao bila risiti. Daftari ile tutaipeleka kwa wakubwa, kwa heshima, na ndani yake mtakuwa hesabu, si malalamiko tu. Mashini mpya zitafuata, siku kazi itazidi mikono.

Najua kuna asiyekubali. Mama mmoja aliniambia wiki iliyopita: «Mtunza sanduku, karatasi hailiwi. Mashini, nikishindwa, nitaiuza.» Nimefikiri sana neno lake, na sitaki kumcheka. Mtu aliyekimbia mara tatu anapenda kitu anachoweza kushika. Na mashaka yake yana msingi: mpaka ulifungwa 2020, unaweza kufungwa tena, na karatasi itabaki karatasi. Ndiyo sababu sikuomba pesa yote iende kwenye karatasi, na unifomu nimeiweka ya kwanza.

Mwingine aliuliza: na wakimbizi wa ndani, wale wa Bulengo na Kanyaruchinya, tutawaacha? Njia za Rutshuru na za Masisi zimeharibika kwa vita, mashamba yetu hayafikiki, na wengine wamelala ndani ya nyumba zetu humu Katoyi. Jibu langu ni lile Wayordani walijifunza. Kule kulikuwa na Wayordani masikini waliouliza: na sisi? Kazi ya mgeni ikionekana imeibwa kwa mwenyeji, haidumu. Leo mwenyeji ni sisi. Tukipata soko la unifomu, tuwape nao nafasi ya kushona. Sisi Rwamwanja tulikuta watu wanaotugawia mbegu.

Kwa wageni wetu mnaotusaidia, niko na maombi mawili, na mnisamehe nikisema waziwazi. La kwanza, msituulize tu ni watu wangapi tumewafundisha. Tuulizeni, nyuma ya mwaka mmoja, ni wangapi bado wanapata kazi kwa ufundi ule. Hesabu itakuwa ndogo, lakini itakuwa ya kweli. La pili, ninyi mnaofika katika nchi ambamo kanuni za biashara zinaandikwa, mnasikilizwa kuliko sisi. Wanapoandika kanuni ya kumpa mkimbizi kazi, waambieni wahesabu pia nauli ya mama, karatasi yake, na saa ya kufunga mpaka.

Mdogo wangu bado yuko Rwamwanja, na bado anauza kwa kamioneti. Mwaka huu aliniambia wamejiunga wakulima kadhaa, wameanza kukausha mahindi juu ya turubai badala ya chini, ili sumu isiingie, na wanauza pamoja. Bei imepanda kidogo. Si sana, lakini sasa mizani ni ya kwao.

Nimemaliza. Komite italeta majina, na kila mwanamemba atasema ndiyo ao hapana. Mukikataa shauri letu, kesho nitaenda kununua mashini, na nitazinunua kwa moyo mzuri. Lakini mbele ya kuinua mkono, jiulizeni nguo ya kwanza itakayotoka ndani ya mashini ile itanunuliwa na nani.